Marufuku Kumtania Sylvester

Jumatatu, 3 Agosti 1959

Mapigo ya asubuhi: 84. Nilihesabu tena nikapata 91. Mara ya tatu 78. Moyo huu hauna msimamo. Nimeandika 84 kwa kuwa ndiyo iliyonipendeza.

Nieleze mara moja, nisirudie. Mlango mmoja wa moyo wangu ulibana tangu nilipougua homa ya viungo utotoni. Mwaka juzi nilipelekwa Nairobi, nikapasuliwa ubavu wa kushoto, daktari akatia kidole chake ndani ya moyo akaupanua ule mlango. Ukabana tena. Mwaka jana nikapasuliwa mara ya pili. Sasa damu inapita vizuri, nimeambiwa, ila mdundo haukurudi kuwa sawa wala hautarudi. Unakwenda, unaruka, unasita, unakimbia. Nimeze kidonge kimoja kila asubuhi, nisile chumvi, nisikimbie, nizoee. Nimezoea yote isipokuwa chumvi.

Na Ndahani. Huyo ni Mgogo, kazi yake kubadilisha njia za treni pale stesheni, na nyumba yake inatazamana na yangu hapa Ipuli. Ni mtani wangu. Babu yangu alipita Ugogo na pembe ya ndovu begani akielekea pwani. Babu yake akamnyima maji. Babu yangu akaondoka na mbuzi wake. Tangu hapo tunatukanana vizazi vyote na hakuna ruhusa ya kukasirika. Leo amesimama mlangoni kwangu akauliza, mtaa mzima ukisikia, kama bado sijafa, maana kunizika ni kazi yake na jembe limeanza kushika kutu. Kisha akaondoka na kuku. Kuku wa tatu tangu nirudi kutoka Nairobi!

Haiwezekani. Jumamosi Mkaguzi wa reli anafika kutoka Dar es Salaam kuamua kama kiti cha karani wa simu za maandishi kibaki changu au apewe Raymundi, msaidizi wangu. Nahitaji juma zima la utulivu.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Agosti

Mapigo 88, au karibu na hapo. Nimekwenda hospitali. Foleni mpaka nje. Nikamwomba daktari aniandikie barua kwamba nisisumbuliwe. Alikuwa na haraka, akaandika mstari mmoja kwa Kizungu: naweza kazi ya kukaa, niepuke misisimko mikubwa. Basi. Mstari mmoja kwa mtu aliyepasuliwa mara mbili!

Nimeitafsiri mwenyewe ofisini. Kizungu ni lugha fupi, kwa hiyo nilirefusha palipohitaji. Ikawa hivi: Ni marufuku kwa mtu yeyote kumtania, kumcheka au kumchukulia kuku Bwana Sylvester, kwa sababu anaweza kuanguka akafa papo hapo. Wagogo hasa.

Ilipendeza, ila haikuwa na nguvu. Nikaipiga muhuri wa stesheni. Mara mbili. Nakala moja mlangoni kwangu, nyingine ubaoni stesheni, kando ya saa za treni. Raymundi aliisoma mara tatu, akausifu mwandiko wangu. Kijana anaanza kuwa na adabu.

Jumatano, 5 Agosti

Ushindi! Ndahani amesoma barua mlangoni, kidole kikifuata kila neno. Amevua kofia. Kisha akaniambia shikamoo. Tumezaliwa mwaka mmoja! Nikaitikia marahaba kabla sijafikiri. Akarudisha kuku mmoja, akaniletea na uji kwenye kibuyu, akaniambia pole ndugu yangu, akaondoka akikanyaga taratibu. Mapigo 80. Namba nzuri kabisa, na hii ni ya kweli.

Mchana mambo yakawa ya ajabu kidogo. Mwanne, jirani anayeuza vitumbua, alipita kumuuliza mke wangu Apolinaria kama atahitaji watu wa kutwanga. Kutwanga nini? Jioni nimemkuta Apolinaria analia jikoni. Nilidhani ni moshi. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Mtani hutania harusini, hutania njiani, hutania hata juu ya kaburi. Akiacha, basi amekuhurumia. Na mtani akikuhurumia, kila mtu anajua umekwisha.

Nikamwonyesha barua. Akasema barua ndiyo inathibitisha, tena ina mihuri miwili.

Alhamisi, 6 Agosti

Sikuhesabu mapigo. Hapakuwa na nafasi ya kukaa.

Treni ya Mwanza imemleta shangazi Minza kutoka Bukene, na ndugu wanane, mikeka mitatu, sufuria la msibani na gunia la viazi vitamu. Wamepokea simu kwamba hali yangu ni mbaya. Imepigwa na Raymundi. Kwa mashine yangu mwenyewe!

Shangazi alinikuta nakula. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya huzuni, akanitazama nikimaliza sahani, kisha akawaambia wengine kwamba wagonjwa wengi hula vizuri siku za mwisho. Mikeka imetandikwa uani. Ameuliza suti yangu ya Nairobi iko wapi na kama bado inanitosha kifuani. Nikasema inanitosha. Akasema vizuri, kushona kungechelewesha.

Dawa ni moja: Ndahani anitukane, watu wasikie. Nimevuka njia nikaingia uani kwake, peupe kabisa, nikamfukuzia jogoo wake. Kwa utani wetu hilo ni jambo kubwa, lilipaswa kuleta matusi ya nusu saa. Ndahani akatoka mbio. Akaniambia nisijichoshe, nikae. Akamkamata jogoo mwenyewe, akamfunga miguu, akaniwekea mkononi, akanisindikiza mpaka kwangu akinishika kiwiko. Ndugu wote wa Bukene waliona. Shangazi Minza akaanza wimbo wa kanisani, ule wa polepole.

Ijumaa, 7 Agosti

Padre amekuja na baiskeli kutoka Kipalapala akiwa na mafuta matakatifu. Mimi nilikuwa nanoa wembe. Nimelazimishwa kulala ili anipake. Kwa kuwa amefika, nikaungama. Nikataja mihuri, wa kwanza na wa pili. Padre akakohoa kwenye leso kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Vumbi la Agosti ni baya. Akaniagiza nibandue barua zote na nimweleze Mkaguzi ukweli. Ushauri mzuri kwa watu wasio na mipango.

Ya mlangoni nimebandua. Ya stesheni haipo! Imo ndani ya faili la kumpa Mkaguzi, na Raymundi ameiambatanisha na maelezo yake mafupi: je, mtu anayeweza kufa kwa neno moja aachiwe simu za treni? Nimelisoma faili alipokwenda chooni. Lazima niseme limepangwa vizuri.

Nikamfuata Ndahani kwenye reli. Nikamwomba waziwazi anitukane kesho, mbele ya Mkaguzi, hata kidogo tu, hata babu yangu peke yake. Akaniambia amri ni amri, ina mihuri miwili, naye ana watoto. Akanitakia usingizi mwema. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Njiani kurudi moyo ukakimbia. Unajua kuku wakimwagiwa mtama? Hivyo. Nimekaa juu ya jiwe, nikashika ubavu pale penye kovu, nikangoja. Niliogopa. Si kufa, hilo mimi na moyo wangu tumelizungumza mara nyingi. Niliogopa kukaa nyumbani. Kwenye ile mashine mimi ni mtu. Treni nzima inasimama Bukene kwa sababu kidole changu kimesema isimame. Nikiondolewa pale nitabaki mgonjwa wa kuulizwa hali, mpaka siku mikeka itakapokuwa na kazi kweli.

Moyo ulitulia wenyewe. Haukuomba radhi.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Treni imefika saa tatu. Mkaguzi ni Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kambini lakini kinatosha. Jukwaa la stesheni limejaa. Raymundi kavaa tai. Ndugu zangu wa Bukene wamekuja wote, shangazi Minza mbele, kanga nyeusi begani. Ndahani upande wa pili wa reli, bendera zake mbili mkononi, kichwa chini kama yuko ibadani.

Mkaguzi akatoa barua yangu kwenye faili, akaisoma kwa sauti, mpaka neno la Wagogo. Akauliza kama ni kweli naweza kufa kwa kutaniwa. Nikasema hapana. Akauliza nani basi aliandika hivyo. Hapo nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, nikachagua kukohoa. Akatoa saa yake, akanishika mkono kuhesabu mapigo. Nikamwona uso unabadilika. Akaanza upya. Akaanza upya tena. Akamgeukia Bwana Stesheni, mkubwa wetu hapa, akasema afadhali, kwa usalama wa treni, kiti apewe kijana.



Ndipo bendera nyekundu ikapanda upande wa pili wa reli. Ndahani akapaza sauti:

"Bwana Mkubwa, uachie huo mkono! Hujui watu hawa! Babu yake alishikana mkono na babu yangu, mbuzi akapotea. Itazame saa yako kama bado ipo!"

Watu wakashtuka. Akavuka reli akija.

"Wamempasua mara mbili Nairobi wakitafuta akili. Mara ya kwanza hawakuikuta, wakadhani hawakutazama vizuri! Daktari katia kidole mpaka ndani, kakuta mlango umebana kwa uchoyo wa kuku!"

Nikajibu. Sikupanga, ilitoka. Nikamwambia uchoyo ni wa ukoo unaomnyima msafiri maji, na kwamba mpaka leo kwao wanaoga kwa kuhesabiwa vijiko. Akanivua kofia, akaivaa. Nikamnyang'anya bendera ya kijani. Jukwaa zima likacheka, na shangazi Minza akapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa. Akawageukia watu wake, akaamuru mikeka ikunjwe: mtani amesema, mtu haendi popote.

Katikati ya hayo mashine ikaanza kugonga ndani. Raymundi alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kucheka, tai imekwenda mgongoni. Nikaingia, nikakaa, nikaandika: treni ya mizigo imechelewa Bukene dakika arobaini, njia ya pili iwe wazi. Neno kwa neno, bila kofia, moyo ukifanya mambo yake na mkono ukifanya yake. Mkaguzi alisimama nyuma yangu. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza kama moyo uko hivyo kila siku. Nikasema siku nyingine uko vibaya zaidi, na simu hazijawahi kukosewa. Huo ulikuwa ukweli. Umenitoka kwa bahati mbaya.

Uamuzi: kiti ni changu. Nitapimwa kila miezi sita. Muhuri wa stesheni atakaa nao Raymundi, ndani ya kabati, kwa ufunguo.

Jumapili, 9 Agosti

Mapigo 86, 79, 95. Nimeandika yote matatu.

Misa. Padre aliponiona alitoa leso kabla sijafika karibu. Ndugu wa Bukene wamepanda treni, wamechukua mikeka na sufuria. Viazi vimebaki, shangazi anasema nile, nimekonda kwa kufa.

Ndahani amekuja bila kubisha hodi. Kamchukua jogoo wake, na kuku wangu juu yake, kakalia kiti changu, kaagiza chai. Akanifahamisha kwamba katika utani wote aliowahi kunifanyia, mkubwa ni kutii barua yangu. Siku tatu hakulala vizuri kwa kucheka. Nikamwita majina yote niliyonayo. Akayasikiliza, akakubali mengi. Kisha, akitazama ndani ya kikombe, akasema Ijumaa aliniona juu ya lile jiwe. Alisimama nyuma ya mti na bendera zake mpaka niliponyanyuka. Alisema kunizika ni kazi yake na ataifanya vizuri, lakini ataifanya atakapotaka yeye, na mwaka huu hana nafasi.

Nilifurahi. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Moyo uliruka mara mbili na sikuuhesabu.

Chakula cha jioni: kisamvu bila chumvi. Apolinaria anasema ni amri ya daktari. Sawa, lakini je, daktari ameandika mahali popote kwamba chumvi kidogo ni marufuku? Hajaandika. Kesho nitamwomba mstari mmoja tu, mfupi, na tafsiri nitaifanya mwenyewe. Muhuri uko kwa Raymundi, lakini kiazi kitamu ni laini na gunia bado limejaa. Kimoja nimekikata bapa kabisa, kama uso wa muhuri. Nimeanza kuchonga jina la stesheni kwa kisu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama linavyosomeka, ili litoke hivyo hivyo kwenye karatasi. Kazi rahisi sana.