Pampu ya Marehemu

Jumatatu, 3 Juni

Msimamizi wangu wa mradi amefariki. Moyo. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Habari nimeipata kwa Kalkuleta, yule msichana wa darasani kwetu anayepata tisini hata kwenye somo ambalo mwalimu mwenyewe hakulielewa. Alikuwa analia mlangoni mwa hosteli ya wavulana bila kujali nani anamwona.

Nikakaa kitandani, nikatazama ukuta. Iliniuma, kusema kweli. Mzee Milimita, ndivyo tulivyomwita, kwa sababu ukimwambia "kama sentimita mbili hivi" alikuwa anakurudisha ukapime upya. Hakuwahi kumfokea mtu. Alikuwa anakutazama tu, kwa huzuni, kama daktari.

Baada ya robo saa hivi, wazo likaniingia. Silijivunii, ila limeingia na halitoki. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni pampu ya maji ya kukanyaga kwa miguu. Mpaka leo ipo kwenye karatasi moja yenye doa la chai. Tunatetea miradi mbele ya jopo Jumatatu ijayo. Na mtu pekee anayejua kwamba sijafanya chochote tangu Oktoba ni marehemu.

Mungu amlaze pema. Namaanisha.

Jumanne, 4 Juni

Mkuu wa idara ametuita ofisini kwake, wanafunzi watano wa marehemu. Alikuwa na macho mekundu. Walifundisha pamoja miaka ishirini, meza zao zinatazamana. Akataka kila mmoja aeleze amefikia wapi.

Kalkuleta alikuja na faili nene kama tofali. Wengine nao walikuwa na vitu vya kuonyesha. Ilipofika zamu yangu nikasema nimemaliza. Akauliza pampu iko wapi. Nikasema marehemu aliichukua nyumbani kwake kuijaribu.

Sijui neno hilo lilitoka wapi! Nilisikia mdomo unaongea, mimi nikawa msikilizaji kama wenzangu.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akasema vizuri sana, inaonyesha mzee alikuwa mchapakazi hadi mwisho. Jumamosi baada ya mazishi gari la idara litapita nyumbani kwake kuichukua.

Nikamshukuru. Kalkuleta akanitazama kwa muda mrefu. Sipendi anavyotazama.

Jumatano, 5 Juni

Kwa fundi wa vyuma chakavu tangu asubuhi. Nimemweleza: pampu, ya kukanyaga, itoke leo. Akauliza mchoro uko wapi. Nikampa karatasi. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema doa ndilo alilolielewa.

Tumetumia fremu ya baiskeli, bomba la moshi la lori na pistoni ya kitu ambacho hata yeye hakikumbuki. Valvu hakuna. Amekata kipande cha kandambili, akakifunga kwa waya, akasema kitafanya kazi ya valvu kikiwa na nia njema. Nimemwachia simu yangu kubwa badala ya malipo. Nimebaki na kile kisimu cha tochi.

Tumeijaribu kwenye pipa. Imekohoa kama mtu mwenye kifua kibovu. Maji hayakupanda. Fundi akasema, injinia, wewe si unataka ionekane tu? Nikakubali. Tukaipaka rangi ya bluu kuficha kutu.

Mama amepiga. Ameshapeleka kitambaa kwa fundi cherehani, nguo ya mahafali yangu. Jirani zetu wote wameshaambiwa. Amesema watu wa mtaani sasa wanamwita mama injinia, na kwamba aliposikia hivyo mara ya kwanza ilibidi akae chini. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango ulikuwa rahisi: kuingiza pampu kwenye stoo ya nyuma ya nyumba ya marehemu kabla mtu hajaona. Nikakodi mkokoteni. Ili rangi isipate vumbi, nikaifunika pampu kwa shuka langu jeupe.

Sasa fikiria. Nyumba yenye msiba. Mwili bado uko hospitali, unasubiriwa Jumamosi. Watu wamekaa uani kimya. Mara mkokoteni unaingia getini, juu yake kitu kirefu, kimefunikwa shuka jeupe, na nyuma yake kijana ameinamisha kichwa.

Wazee wakasimama wote. Wakavua kofia. Kilio kikaanza upande wa wanawake, kikaenea uani kote. Mmoja akaanguka. Mwenye mkokoteni alitaka kuniacha akimbie, nikamshika shati.

Kaka wa marehemu, mzee mrefu mwenye shati jeupe, akaja mbiombio akiuliza mbona hawakuambiwa. Akainua shuka. Akaona pedali ya baiskeli.

Nikasema hii ni kazi ya mwisho ya marehemu, tuliifanya pamoja, nimeona nisikae nayo. Nilitegemea kupigwa. Badala yake akanikumbatia, akalia begani kwangu mpaka shati likalowa. Mimi nilikuwa nimesimama kama nguzo, naangalia stoo.

Stoo walikataa. Wakasema kitu kama hicho hakifichwi. Wameiweka katikati ya uwanja, karibu na picha yake. Kila anayekuja kutoa pole anaizunguka kwanza.

Ijumaa, 7 Juni

Maji yamekatika mtaa mzima. Watu msibani kama mia, sufuria zimejaa jikoni, maji ya kuoshea yamebaki beseni moja. Nyuma ya nyumba kuna tangi la chini la maji ya mvua, lakini ndoo ya kuchotea imetumbukia.

Nilijua kitakachofuata kabla hakijasemwa. Kaka wa marehemu akasema mbele ya wote kwamba wanahangaika nini wakati ndugu yao amewaachia pampu. Nikasema bado haijapimwa. Akasema leo ndiyo itapimwa. Nikasema nina goti bovu. Vijana wanne wakaibeba mpaka kwenye tangi, wakaniita.

Mjane akatoka nje. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitoka chumbani tangu msiba uanze. Akaletewa kiti, akakaa kuangalia kazi ya mume wake.

Nikapanda. Nikakanyaga. Ikakohoa. Nikakanyaga kwa nguvu. Ikakohoa kwa nguvu. Kisha kandambili ikafyatuka, na maji yenye kutu na rangi ya bluu yakaruka yote kwenye shati la kaka wa marehemu. Mnyororo ukakatika. Nikaanguka upande wa kulia.

Laiti wangecheka. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mzee akasema taratibu, kama anaongea peke yake, kwamba marehemu hakuwahi kutengeneza kitu kinachovuja. Mjane akainuka, akarudi ndani.

Kalkuleta alikuwa jikoni anaosha vyombo kwa maji ya mwisho. Akaja, akajifuta mikono, akapiga magoti kwenye tope. Akaomba tyubu ya baiskeli, mkasi na kalamu ya wino. Akapima, akaandika vipimo juu ya mpira, akakata, kisha akaunga mnyororo. Saa moja baadaye maji yakapanda, meupe, kwa wingi. Watu wakamwombea dua. Mjane akatoka tena na kikombe, akanywa.

Nilimfuata Kalkuleta pembeni kumshukuru. Hakunitazama.

"Nimefanya kwa ajili ya mzee," akasema. "Wewe sijakufanyia kitu."

Sawa. Lakini pampu sasa inafanya kazi! Na iko kwa jina langu.

Jumamosi, 8 Juni

Tumemzika. Mvua ilinyesha kidogo.

Nilikuwa nimejipanga nisimame mahali ambapo mkuu wa idara ataniona. Nikasimama. Halafu nikasahau kumtazama. Walipoanza kufukia nikajikuta nalia, sauti yenyewe siijui, na Kalkuleta akanipa leso.

Gari la idara likachukua pampu. Mjane aliisindikiza hadi getini.

Jumatatu, 10 Juni

Jopo. Watu watatu, mkuu wa idara katikati. Pampu ikakanyagwa na mhudumu wa karakana, maji yakapanda mpaka kwenye pipa la juu. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Nilianza kujiona kwenye joho.

Mmoja akauliza inatoa lita ngapi kwa dakika. Nikasema inategemea hasira za anayekanyaga. Akaandika kitu. Mwingine akauliza kwa nini nilichagua kipenyo kile cha bomba. Ukweli ni kwamba lori lilikuja nalo. Nikasema ni kutokana na mahesabu. Akataka kuyaona. Nikasema alikuwa nayo marehemu.

Mkuu akaniomba nifungue valvu. Nikafungua. Ndani ukatoka ule mpira wa tyubu, na juu yake maandishi ya wino: kipenyo, unene, mshale mdogo. Akauliza mwandiko wa nani.

Kulikuwa na majibu mengi ya kusema. Nikasema wa marehemu.

Akaushika mpira ule kwa vidole viwili muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua sauti:

"Kijana, mwandiko wa rafiki yangu nimeusoma miaka ishirini. Usimtie tena mdomoni mwako."

Wakaniambia niifunge valvu kama ilivyokuwa. Sikuweza. Vipande viwili vilibaki mezani, mpaka sasa sijui vinakaa wapi.

Kurudia mwaka. Dakika tano tu walikaa kujadili. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani.

Kalkuleta amepata tisini na nne. Alipita karibu yangu kwenye korido na hakusema chochote. Heri angesema kitu kibaya, nipate pa kushikia.

Jumanne, 11 Juni

Sijamwambia mama. Nguo imeshashonwa, anasema imemkaa kama ya kuazimwa kwa mtu mnene, atairudisha ipunguzwe mikono. Nikamwambia asihangaike sana na mikono.

Nimeamka na wazo. Rufaa inapokelewa hadi kesho. Nikipata barua ya mjane inayosema marehemu aliwahi kuusifu mradi wangu nyumbani, mbele yake, nani atabisha? Nikaiandika barua mwenyewe, nikamwachia nafasi ya kusaini tu, asipate tabu.

Nilimkuta sebuleni peke yake, anakunja nguo za mume wake na kuziweka kwenye boksi. Nikasema shikamoo mama. Akaitika, akanikaribisha. Akaisoma barua yote, mpaka chini. Hakukasirika. Akaenda chumbani, akarudi na daftari lenye jalada gumu la kijani.

"Mwanangu, mimi nisiandike," akasema. "Yeye mwenyewe ameandika. Ukurasa wako umo. Kausome kwenu."

Nimeusoma njiani, nimesimama chini ya ukuta wa shule ya msingi. Kila mwanafunzi wake ana kurasa. Wa Kalkuleta zimejaa michoro. Wangu ni mmoja.

Oktoba 14, hakuja. Oktoba 28, hakuja. Novemba 11, amekuja, amesema anaumwa, ameondoka na kalamu yangu. Januari 20, hakuja. Februari 3, nimemwona kantini, amejificha nyuma ya friji. Nimejifanya sijamwona, asiaibike. Machi 10, hakuja. Ana akili huyu. Sijui anaogopa nini. Aprili 7, hakuja.

Na mstari wa mwisho, wa Mei:

"Mama yake kanipigia. Kaulizia kama mwanawe atamaliza. Sauti yake ilikuwa na matumaini mno. Nimemwambia kijana anaendelea vizuri. Mungu anisamehe."

Mama hakuwahi kuniambia. Sijui namba aliipata wapi.

Nimekaa pale ukutani mpaka watoto wa shule wakatoka, wakapita, wakaisha. Mtu ambaye hakukubali nusu milimita. Akasema uongo mara moja, na kwa ajili yangu.

Nimeamua kesho kumpigia mama, kumwambia kila kitu. Nimeandika hapa ili nisirudi nyuma.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka mapema. Nimelisoma daftari tena, kwa utulivu, kwa jicho la kihandisi. Jana niliathirika nikakosa kuona jambo la msingi. Kwenye ukurasa ule, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe, mwandiko ambao mkuu wa idara anaujua kwa miaka ishirini, imeandikwa: kijana anaendelea vizuri. Na juu kidogo: ana akili huyu.

Hiyo ni tathmini ya msimamizi. Haikuhitaji hata sahihi ya mjane!

Nimefika kwa dada wa kutoa nakala kabla hajafungua. Nimemweleza: hapa afunike kwa karatasi nyeupe, hapa pia, zile "hakuja" zote, kantini, friji, kalamu. Zibaki sentensi mbili. Ni dada mwenye mkono mwepesi, amezipanga zikakaa pamoja kana kwamba zilizaliwa hivyo. Rufaa inafungwa saa kumi. Mama atapigiwa baadaye, nikiwa na habari kamili.

Kabla hajabonyeza kitufe akalisoma daftari lenyewe, akasoma mpaka mwisho wa ukurasa, akanionyesha kwa kidole mstari mmoja. Akauliza: na hili la "Mungu anisamehe", liachwe au lifunikwe?

Nikamwambia alifunike. Halihusiani na uhandisi.