Pikipiki Inayomwogopa Mke Wangu

Jumanne, tarehe 4

Pikipiki imekataa kuwaka. Hayo ni kwa mujibu wa mke wangu, aliyekuwa dirishani akihesabu mateke: thelathini na moja. Mimi nilihesabu ishirini na sita. Yeye anasema hata yale yaliyoikosa kiki yakapiga hewa ni mateke.

Wakati mbaya kabisa! Ijumaa saa mbili asubuhi Karani wa maabara anakagua waombaji wa kazi ya kubeba sampuli za damu kutoka zahanati. Nafasi moja. Waombaji wawili: mimi na Shemeji, kaka wa mke wangu, tunayepakana naye ukuta. Sharti: pikipiki iwake mbele ya Karani na izunguke mtaa bila kuzimika. Miezi saba sasa wageni wakiuliza nafanya kazi gani, mke wangu huwakaribisha chai.

Ajabu ni kwamba jana tu niliifanyia ukarabati. Niligundua kifuniko cha tangi kina tundu dogo juu. Petroli ilikuwa inapotelea hewani! Nikaliziba kwa gundi. Hakuna aliyenituma. Akili yangu mwenyewe.

Mke wangu akatoka mlangoni, akauliza kama mafuta yamo. Huuliza hivyo kila kitu kikigoma, hata feni. Nikafungua tangi nimwonyeshe. Pss! Likavuta pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Mafuta tele. Nikafunga, nikapiga kiki moja. Ikawaka!

Ikafika kona. Ikazimika.

Nimeisukuma kurudi nyumbani, mita mia mbili. Shemeji alikuwa kibarazani. Akauliza kama namfundisha mtoto kutembea.

Jumatano, tarehe 5

Siku ya uchunguzi.

Nimebadilisha plagi. Kimya. Nimesugua kabureta kwa mswaki. Kimya. (Mswaki ni wangu. Kosa.) Nimeigeuza itazame upande wa pili. Kimya. Nimezungumza nayo kwa upole. Kimya. Nimeitukana. Kimya, ila jirani wa mbele amefunga dirisha.

Mke wangu akatoka. Mafuta yamo? Nikafungua, nikamwonyesha, nikafunga. Kiki moja: ikawaka! Hadi kona. Ikazimika. Nimerudi nikisukuma. Akauliza tena. Nikamwonyesha tena. Ikawaka tena!

Nimeketi na kalamu. Matokeo: mara tano mke wangu hayupo, haikuwaka. Mara tatu mke wangu yupo, ikawaka, ukijumlisha na ya jana. Na mara zote ilizimika kwenye kona, yaani pale pale asipoonekana. Namba hazina undugu na mtu. Pikipiki inamwogopa mke wangu.

Naielewa.

Alasiri nikatundika gauni lake la kijani kwenye usukani. Kimya. Huenda ilijua halina mtu ndani. Shemeji akapita. Akasema, "Shemeji, huyo abiria wako mlishe, amekonda." Akawasha ya kwake kwa kiki moja. Mara tatu. Hakuwa na safari.

Alhamisi, tarehe 6

Mke wangu ameita fundi bila kushauriana nami. Mzee wa maneno machache. Hakugusa plagi wala kabureta. Alikitazama kifuniko, akasema tundu limezibwa: tangi likikosa hewa, mafuta hayashuki. Akauliza nani mwerevu aliyeziba. Nikautazama ukuta wa Shemeji kwa muda wa kutosha.

Akachokonoa gundi kwa sindano. Ikawaka. Akazunguka nayo mtaa mara nne. Haikuzimika.

Maelezo yake yana kasoro kubwa. Mke wangu alikuwa amesimama barabarani muda wote! Hakumhesabu hata kidogo. Mafundi wa siku hizi wanatazama vyuma tu.

Alipoondoka nimerudisha gundi. Tabaka mbili. Siwezi kumwaga petroli angani kwa ajili ya hisia za mtu.

Kisha nimemwomba mke wangu anisindikize kesho. Nikasema ni kwa sababu ya mapenzi. Alinitazama mpaka nikaanza kukunja nguo ambazo hazikuwa zangu. Akasema atakuja, maana hili la kesho angependa kuliona kwa macho yake.

Ijumaa, tarehe 7

Tumefika maabara saa mbili kasoro dakika kumi. Pikipiki niliisukuma njia nzima ili injini isichoke. Mke wangu alitembea hatua ishirini mbele, kama mtu asiyenifahamu.

Shemeji alitangulia. Kiki moja, akazunguka mtaa, akarudi akipiga mluzi.

Zamu yangu. Karani akataka kuona mafuta. Nikafungua, pss, nikafunga. Nikampandisha mke wangu nyuma. Karani akauliza huyu ni wa nini. Nikasema ni sehemu ya mtambo. Kiki moja: ikawaka! Nilimtazama Shemeji. Nilimtazama mno, nusura nigonge nguzo.

Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili, ikazimika. Pamoja naye kukaa nyuma yangu! Sikuelewa. Bado sielewi. Nikamgeukia, nikamsihi akunje uso zaidi.

Akashuka. Akachomoa pini kichwani, akaing'oa gundi tabaka zote mbili. Akaniambia nisogee nyuma. Kumbe anajua kuendesha! Shemeji alimfundisha kabla sijaujua ukoo huo. Miaka tisa ya ndoa, wala hajawahi kutaja. Nilipouliza kwa nini, alisema sikuwahi kumuuliza.

Tulirudi kwa Karani mimi nikiwa nyuma, naye akamweleza habari za gundi, pini bado mkononi. Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. Karani akamuuliza yeye angefanya nini pikipiki ikizimika njiani na sampuli zimo. Akasema angempigia fundi. Karani akasema damu haisubiri fundi. Akamgeukia mke wangu, akaitazama pini, akamuuliza jina. Akaliandika.

Shemeji alikuwa bado anacheka. Ilimchukua kama nusu dakika kuelewa kwamba naye amekosa.

Jumamosi, tarehe 8

Nimetafakari tangu asubuhi. Matokeo ni mazuri kuliko yanavyoonekana.

Kwanza, nadharia yangu imethibitishwa mbele ya mashahidi wawili: mke wangu akiishika, inakwenda. Pili, nani aliyempeleka pale? Mimi. Bila mimi Karani angejuaje kwamba yupo? Maabara imepata dereva, lakini haijagundua kwamba imepata pia msimamizi.

Nimemweleza mke wangu hivyo wakati wa chakula. Akasema Jumatatu anaondoka saa moja kamili, peke yake, na kiti cha nyuma ni cha kasha la sampuli. Mimi nitabaki na watoto.

Alipokwenda kulala kidogo mchana, nimelipima kasha alilopewa na Karani. Upana sentimita arobaini. Likisogezwa mbele kidogo, naenea. Watoto watakwenda kwa Shemeji. Hana kazi.

Naanza Jumatatu saa moja kamili, kama msimamizi wa safari. Karani bado hajaarifiwa. Nitamwarifu tukifika.