Mpwapwa au Tabora

Jumatatu, 4 Agosti 1913. Kikuyu, Dodoma.
Leo natimiza miaka ishirini na miwili tangu nitoke Mlali, mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe. Nimehesabu mara mbili.

Mjukuu wangu Elieza amepata barua mbili. Shule ya walimu ya Mpwapwa inamtaka. Ya Tabora nayo inamtaka. Asipojibu kufikia Jumamosi, atakosa zote. Tukiwa tunakula nikatangaza kwamba shule huchaguliwa kwa tabia ya mji wake. Mwalimu hufundisha asubuhi tu. Mji hufundisha kutwa. Wote wakaendelea kula. Heshima, bila shaka.

Nimependekeza Mpwapwa. Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Ndugu yangu wa baba mmoja, Matonya, aliyebaki Mlali, huuza ngozi kwenye soko la Mpwapwa. Nikimsindikiza Elieza tutakutana, naye ataniamkia. Nilimtangulia kuzaliwa kwa mavuno mawili. Yeye hudai mama yake ndiye aliyekuwa mke mkubwa, kwa hiyo nyumba yao ndiyo ya kuamkiwa. Kwa upuuzi wake huo hatujasalimiana tangu nihame.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimeandika tabia za miji. Mpwapwa: vilima, chemchemi, watu hawana haraka. Tabora: wapita njia, wezi. Elieza akauliza Tabora nilikwenda lini. Swali la utovu wa adabu.

Jioni akaja jirani yetu Mwanne, mzaliwa wa Tabora. Kumbe mke wangu Anyesi amemsomea orodha yangu. Hakugomba. Aliniwekea sahani ya wali wa mchele wa kwao, akasimama hadi nikamaliza. Nimefuta neno wezi.

Jumatano, 6 Agosti.
Shauri jipya! Halfani, mchuuzi wa ngozi kutoka Busi, anapanda gari la moshi leo kwenda Mpwapwa. Nikaona Matonya mwenyewe atoe ushahidi kuhusu mji. Ila barua huanza kwa salamu, na atakayetanguliza salamu ameshindwa. Basi nimeandika: "Mpwapwa kuna maji ya kutosha? Yotham."

Halfani aliisoma, akaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki.

"Mzee wangu, hata mbuzi wakikutana hunusana."

Nikamwambia achunge ngozi zake.

Ijumaa, 8 Agosti.
Halfani amerudi na jibu. "Yapo. Matonya." Basi. Miaka ishirini na miwili, neno moja! Mwandiko naujua, tulijifunza kwenye ubao mmoja. Lakini herufi zinatetemeka. Zamani mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Nimeitazama karatasi muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Halfani anasema Matonya aliuliza kama bado nakohoa. Akajibiwa aje aulize mwenyewe. Akasema anamngoja mdogo wake aende kumwamkia. Mdogo wake! Tena, aliposikia habari za shule, akaagiza mjukuu wetu afikie kwake likizo zote. Ameanza kumtengenezea kitanda.

Hapo ndipo nikaona mtego. Elieza akiingia uani atamwamkia, na kule Mlali watahesabu kuwa nyumba yangu ndiyo iliyotangulia kuamkia. Tabora! Tabora ni mji wa watu wema.

Jumamosi, 9 Agosti.
Nimemsifia Elieza mji wa Tabora tangu uji hadi jua kali. Akanisikiliza vizuri.

"Babu, jibu nilipeleka posta jana. Mpwapwa. Maneno yako ya Jumatatu yaliniingia."

Kisha akauliza akifika Mlali amwite Matonya babu mkubwa au babu mdogo. Anyesi akacheka mpaka akaweka ungo chini. Nikasema amwite kwa jina. Elieza akasema atamwamkia kama mzee yeyote, halafu sisi wazee wawili tumalizane kwa fimbo zetu za kutembelea.

Anyesi ameacha kucheka. Anasema mkono unaotetemeka haungoji mavuno mengi, nipande gari na kijana. Amekunja hata kanzu yangu nzuri. Nimeikunjua, nikaitundika.

Nimefikiri kwa utulivu. Elieza atamweleza Matonya kwamba Dodoma ni mji wenye tabia njema kupita yote, na gari la moshi huja huku pia. Kiti chake nitakiweka mlangoni. Atakuja, ataniamkia, nitaitikia mara moja, bila kumchelewesha.

Mimi Mlali sitarudi.