Koti Jeupe la Binti Yangu

Jumanne, 4 Machi
Basi, kama nilivyokuwa naandika jana kabla Mama Pacha hajaniita dirishani: binti yangu kapata nafasi chuo cha udaktari, ila masomo yanaanza mwakani. Mwaka huu wote ajitolee zahanati, apeleke barua ya muuguzi mkuu kwamba ana tabia njema. Bila barua, nafasi anapewa mwingine.

Leo nimekwenda kumchungulia. Nikamkuta kabeba beseni la mkojo! Wa mzee hata si ndugu! Nikamuuliza huo ndio udaktari? Eti mama, unaanzia hapa. Na Mama Pacha, jirani yangu mwenye macho kama darubini, alikuwa kwenye foleni pale pale, anacheka na kanga mdomoni. Aibu hii niiweke wapi?

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata. Mimi si fundi cherehani? Nimechukua kitambaa kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi, kinametameta kidogo, nikamshonea koti la daktari. Kifuani nimetarizi DAKTARI, uzi mwekundu, hata mwenye mtoto wa jicho asome. Binti kaliangalia kama kaona nyoka. Kasema yeye hajawa daktari, akivaa hilo atafukuzwa. Kalitundika nyuma ya mlango. Watoto wa siku hizi!

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Nampelekea binti chakula, mwavuli umevunjika. Sasa mtu alowe na koti lipo? Nikavaa. Wallahi nilikuwa naingia na kutoka.

Kumbe! Bibi mmoja akanidaka mkono, daktari, magoti yananiua. Nikataka kumwambia mimi siye. Basi, sikumwambia. Huruma imeniponza. Nikamsikiliza, na nyuma yake wakajipanga saba. Nikawaambia wanywe maji, wasibishane na mawifi. Walifurahi hao! Wa nane akatoa ulimi nje kabla hajanitazama usoni: Mama Pacha! Nikamwambia ulimi huu umechoka, upumzishe mwezi. Ndipo akanijua. Yowe lake!

Muuguzi mkuu akatoka. Mwanamke mfupi, sauti honi ya lori. Akasoma kifua changu. Akasoma tena. Akauliza huyu mama ni wa nani. Binti yangu, kashika dekio, akasema: wangu.

Angeweza kunikana. Hakunikana.

Jumatatu, 10 Machi
Siku tatu binti haniambii kitu ila shikamoo, na shikamoo yenyewe kavu. Muuguzi mkuu alimwambia barua atafikiria kwanza. Atafikiria! Mwanangu akose udaktari kwa sababu ya mwavuli?

Asubuhi nimekwenda kuomba radhi. Nimepiga magoti kabisa, na sakafu inang'aa, naijua mikono iliyoisugua. Muuguzi mkuu kaniambia niinuke, barua kaandika tangu Jumamosi. Kasema anayeweza kusimama mbele za watu akasema "wangu" kwa mama kama mimi, mgonjwa gani atamshinda? Sijui kanisifu au kanitukana. Nimelia tu.

Ila adhabu ninayo: kupinda mashuka arobaini ya zahanati, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, nisionane na mgonjwa hata mmoja.

Jumatano, 12 Machi
Naandika hapa hapa chumba cha nyuma. Mashuka yamekwisha, na mimi nimefunzwa, nimefunzika. Majivuno mabaya jamani. Binti kaniletea chai, kanibusu shavu. Raha!

Ila nikawaza: mashuka meupe, matupu hivi, si yataibiwa? Nani atajua ni ya wapi? Basi kwenye kila pindo nimetarizi kidogo, uzi ule ule mwekundu: MAMA DAKTARI. Yote arobaini. Herufi za kiasi tu.

Na Mungu si Athumani, Mama Pacha kalazwa leo, tumbo. Atajifunika mpaka kidevuni, asome vizuri. Namsikia muuguzi mkuu mwenyewe anamtandikia. Kanyamaza ghafla. Mbona kany— Yarabi, honi! Ananiita, na haniiti kwa jina langu, ananiita kwa lile la kwenye shu