Tayari ya Sita

Jumatatu, tarehe 3

Miaka tisa! Miaka tisa nabeba mapanga ya mbao na mataji ya karatasi katika ukumbi huu, na bado naitwa "wewe wa vifaa". Na Bi Daftari kakaa pale pembeni ya jukwaa juu ya stuli yake, hedifoni masikioni, daftari kubwa mapajani. Yeye ndiye msimamizi wa jukwaa. Hakuna taa inayowaka wala pazia linalofunguka mpaka aseme "nenda". Hata mwongozaji wetu anamwogopa.

Naitaka stuli ile. Tena naihitaji haraka. Mwezi jana nilimwambia mke wangu kwamba nimeshaipata. Ulimi uliteleza. Mke akamwambia mama yake. Sasa mama mkwe anakuja onyesho la Jumamosi mchana kuniona kwa macho yake mwenyewe. Mama huyu, kwa miaka kumi na mmoja, ananiita "huyo bwana wenu".

Basi nimeanza kazi. Kiti cha enzi cha mfalme huwekwa juu ya alama ya tepu nyekundu sakafuni, na taa huanguka hapo hapo. Alama zote ni jukumu la Bi Daftari. Leo saa sita wote walipokwenda kula, nikaibandua ile tepu, nikaibandika hatua mbili kushoto. Kesho kwenye mazoezi mfalme ataketi gizani, na Bi Daftari ataumbuka. Safi kabisa!

Ukumbi hauna dirisha hata moja. Saa sita mchana ni giza totoro, isipokuwa balbu moja juu ya fimbo katikati ya jukwaa, ambayo huachwa ikiwaka wakati hakuna watu. Bi Daftari anasema ni ili mtu asitumbukie chini akavunjika shingo. Shemeji, mdogo wa mke wangu anayevuta kamba, anasema ni kwa ajili ya Mzee wa Kamba, asikae gizani. Mzee alifia kule juu kwenye kamba zake mwaka jana, ameketi, fundo mkononi. Upuuzi mtupu. Ila nilipobandua tepu, balbu ilipepesa. Nikatoka kwa mwendo wa haraka. Kukimbia, hapana.

Jumanne, tarehe 4

Mfalme kaketi, taa ikampiga usoni barabara! Bi Daftari akasema "vizuri". Nilitaka kulia.

Nikaenda kuangalia. Tepu yangu ipo nilipoiweka. Lakini mahali pa zamani pana msalaba wa chaki nyeupe. Hapa hakuna anayetumia chaki. Mzee ndiye aliyekuwa nayo mfukoni, tepu aliidharau.

Kiti hubebwa na mlinzi wa mlango, mtu wa mabavu aliyeajiriwa mwezi huu. Nikamuuliza kwa nini amefuata chaki badala ya tepu. Akasema ameonyeshwa. Nikajua tu, Shemeji huyo! Ananionea wivu tangu siku ya harusi. Nikambana. Akaapa kwamba chaki mara ya mwisho aliishika shuleni, na huko nako alichapwa. Nimeifuta kwa kitambaa kibichi. Haifutiki vizuri.

Jumatano, tarehe 5

Mpango mpya: miluzi.

Humu ndani ni marufuku kupiga mluzi. Zamani, kabla ya hedifoni, wavuta kamba waliongozwa kwa miluzi. Mmoja, kuwa tayari. Miwili, shusha. Mitatu? Mzee hakumfundisha mtu. Ukimuuliza alibadili mazungumzo. Tangu afe, mwigizaji akijisahau akapiga mluzi, Bi Daftari humtoa nje, azunguke jengo mara tatu ndipo arudi. Hapo ndipo penye udhaifu wake!

Saa nne asubuhi nikajibanza chini ya jukwaa, katikati ya mbao na buibui. Nikasikia viatu vyake juu ya kichwa changu. Nikapiga mmoja.

Kutoka juu kabisa, kwenye kamba, ukajibiwa. Mmoja. Taratibu, wa mtu mwenye mapengo.

Nikasema moyoni, Shemeji ana akili leo, ameingia kwenye mchezo. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nimpongeze. Mlinzi akaniambia Shemeji yuko kwa daktari wa meno tangu asubuhi. Akarudi saa saba, shavu limevimba kama andazi, hata "shikamoo" inamshinda.

Bi Daftari amebadilika rangi. Amemwambia mwongozaji kwamba mluzi ukisikika tena, yeye hatakalia stuli ile. Furaha iliyoje! Nikasahau kuwaza ni nani aliyejibu.

Alhamisi, tarehe 6

Nimepiga miwili.

Nilikuwa palepale chini. Nikasikia kamba ikikwaruza kwenye gurudumu lake. Nikachungulia kwenye upenyo. Ukuta wa ikulu, ule wa mbao na turubai, mzito watu wanne hawauinui, ulikuwa unashuka. Polepole, kwa heshima. Ukasimama urefu wa mtu kutoka sakafuni. Shemeji alikuwa amesimama jukwaani pamoja na wengine, mikono kichwani. Kule juu hakuna mtu. Walipopanda wakakuta kamba imefungwa fundo ambalo ni Mzee tu aliyelijua.

Nywele zilinisimama, siwezi kuficha. Lakini Bi Daftari akachukua mkoba wake! Mwongozaji akageuka huku na huku, akaniona natoka na buibui kichwani, akasema Jumamosi nitakaa mimi.

Mimi!

Bi Daftari akanikabidhi daftari. Hakuwa na hasira, na hilo halikunipendeza. Akasema niite "tayari?" na kuhesabu majibu kila mara kabla ya kufungua pazia. Taa, sauti, kamba, pazia, vifaa. Wakijibu watano, niendelee. Wakijibu sita, nizime kila kitu na niwatoe watu nje. Halafu akasema kwamba aliyepiga miluzi, yeyote yule, anamwita mtu ambaye hajui kukataa kazi. Nikamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Moyoni nilikuwa najaribu stuli.

Ijumaa, tarehe 7

Stuli ni ngumu kuliko nilivyodhani. Hedifoni inabana masikio. Raha tupu.

Nikaita: tayari? Taa, tayari. Sauti, tayari. Shemeji wa kamba akanung'unika na shavu lake. Pazia, tayari. Mlinzi, ambaye sasa ananishikia vifaa, tayari.

Halafu sauti nyingine, kavu, ya karibu kabisa na sikio: "Tayari, mwanangu."

Ni mwangwi. Nyaya za humu ni mbovu, kila mtu anajua. Nimeandika ombi la matengenezo kwa mwandiko mzuri na kusaini "Msimamizi".

Kuna jambo zito zaidi. Mama mkwe atakaa safu ya tatu, na kutoka hapo kiti cha enzi kinaziba kabisa stuli yangu. Ataniona wapi? Nimeamuru kiti kiende kwenye tepu yangu, hatua mbili kushoto, na taa ielekezwe huko. Mtu wa taa akasema juu ya hapo unaning'inia ukuta wa ikulu, na Bi Daftari hakumkalisha mtu chini ya ukuta ule. Nikamwuliza msimamizi ni nani. Akapanda kuielekeza taa.

Jumamosi, tarehe 8

Naandika bado nina vumbi la mbao nyweleni.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe safu ya tatu, kilemba cha shughuli. Nikaita tayari. Watano wakajibu. Nikasubiri. Wa sita akajibu.

Ningewatoaje watu nje, na mama mkwe ameshafungua pakiti ya karanga? Nikasema "nenda".

Sehemu ya kwanza ilitiririka. Mapumziko. Sehemu ya pili taa zikawaka, na nikaona kiti cha enzi kimerudi mahali pa zamani. Mfalme kakaa nusu gizani! Nilitaka kumrarua mlinzi. Lakini nikainama kidogo mbele ya stuli, na mama mkwe akaniona. Akaniitikia kwa kichwa. Akatabasamu! Miaka kumi na mmoja!

Ikanitoka. Naapa haikuwa mpango. Furaha ilinijaa, midomo ikajikunja yenyewe, nikapiga mluzi. Miwili.

Safari hii haukushuka kwa heshima. Ukuta ulikuja wote kwa mara moja. Jukwaa likatikisika, vumbi, mbao zikapasuka. Ulitua juu ya tepu yangu. Juu yake kabisa, hata ncha hazionekani. Hatua mbili kulia, mfalme ameketi, taji limeruka, mzima. Ni baba wa watoto wanne. Alikuwa akijipapasa magoti moja moja.

Watu wakasimama kupiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Nikamkamata mlinzi, nani kamwambia arudishe kiti. Akasema ni yule mzee wetu, mwenye kamba begani na mapengo mdomoni, yule yule aliyemwonyesha alama ya chaki Jumanne. Alimshika mkono mapumzikoni, akasema mtu akikaa kwenye tepu ile atakufa. Mlinzi akashangaa kwamba simjui, kwani yuko kule juu kila siku.

Jumapili, tarehe 9

Bi Daftari amerudishwa kwenye stuli. Mimi nimerudishwa kwenye mapanga ya mbao. Nikikanyaga tena upande wake, amesema mwongozaji, nisirudi kabisa. Mama mkwe amemwambia mke wangu kwamba ule ukuta ndio uliomfurahisha kuliko vyote, na kama mkwe wake kweli ni mkubwa pale, wiki ijayo aonekane jukwaani, si kujificha pembeni.

Nimetafakari sana. Nimepata funzo moja: Mzee ananisikiliza mimi. Mimi tu! Bi Daftari ana watu watano wa kulalamika mishahara. Mimi nina mmoja asiyekataa kazi.

Nimekuja ukumbini peke yangu, saa tano asubuhi, naandika juu ya meza ya vifaa. Balbu inawaka. Bi Daftari alipita kuchukua miwani yake, nikamuuliza miluzi mitatu maana yake nini. Akanishika mkono kwa nguvu, akanisihi nitoke naye. Machozi yalimlengalenga. Wivu huo! Nikamwambia atangulie.

Na kuna jambo la ajabu. Katikati ya jukwaa pana alama mpya ya chaki. Si msalaba. Ni nyayo mbili, zimechorwa vizuri. Nimevua viatu nikapima, ni zangu hasa, hadi kidole kilichopinda. Ukuta wameshaugongelea na kuurudisha juu, uko sawasawa na hapo, lakini mtu akisimama pale anaonekana mpaka viti vya nyuma.

Kule juu amepiga mluzi. Mmoja.

Nimejibu kwa adabu, tayari, Mzee. Nakwenda kusimama. Mitatu nitapiga mwenyewe.