Diski Isiyojaa ya Studio ya Shanwe

Jumatatu, 8 Septemba
Diski imejaa. Kompyuta imegoma kupokea kipaimara nilichorekodi jana Kabungu. Gaudensia, mwenye studio ng'ambo ya barabara, ana diski za pembeni tatu, zote zimeandikwa majina kwa kalamu nyekundu. Mimi nina akili. Nimeweka programu ya usafi: nafasi ikipungua, inafuta mafaili yenyewe kimyakimya, ikianza na ya zamani zaidi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeitazama asubuhi nzima, chapati mkononi. Haiulizi, haipigi kelele, nafasi inaongezeka tu. Kama mchwa ndani ya boriti, ila mchwa huyu ni wangu. Nimemwita Gaudensia aone. Akauliza kama nimebadilisha betri ya saa ya kompyuta, maana umeme ukikatika inarudi mwaka 2009. Nikamwambia saa ninayo mkononi. Wivu huo.

Jumatano, 10 Septemba
Amekuja Mzee Didace wa Litapunga. Jumamosi nilirekodi harusi ya binti yake, Joséline. Anataka kipande kimoja: mama yake, Bibi Annonciata, akimbariki bibi harusi kwa Kirundi. Bibi amekataa kamera maisha yake yote. Siku hiyo alikubali, akasema mara moja inatosha. Ijumaa familia inakuja kutazama. Nikamwambia Mzee kazi iko jikoni.

Alipoondoka nikafungua. Harusi hakuna. Kapu la taka nalo jeupe. Kumbe niliihamishia kwenye kompyuta Jumapili, umeme umetoka kukatika. Ikaandikwa Januari 2009. Ya juzi ikawa ya zamani kuliko zote! Na kadi ya kamera niliifuta nikaenda nayo Kabungu. Nimeogopa kweli.

Alhamisi, 11 Septemba
Mpango wa kwanza: kumvisha shangazi Tereza kitenge na kumrekodi kwa mgongo. Shangazi akauliza kama nina malaria. Isitoshe, Kirundi hajui.

Nikameza aibu, nikavuka barabara. Gaudensia akasema nisiguse chochote. Eti kufuta ni kuondoa jina tu. Chenyewe kinabaki palepale mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Akaing'oa diski, akaichomeka kwenye mashine yake. Saa kumi jioni ukatokea mkono. Halafu uso. Bibi Annonciata, kiganja juu ya kichwa cha Joséline, sauti nzima. Nilichokifuta mwenyewe kilikuwa kinabariki watu. Machozi yalinitoka, na Gaudensia hakunicheka.

Ijumaa, 12 Septemba
Wamekuja kumi na mmoja, Bibi akiwemo. Hajawahi kujiona. Alijitazama mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akauliza nani amemtunza humo ndani. Mzee Didace akaninyooshea kidole. Bibi akaniwekea mkono kichwani. Gaudensia alikuwa mlangoni. Sikuona sababu ya kuwachanganya wazee.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimefikiri sana. Faili likiwa na jina linakula nafasi. Likifutwa halili nafasi, na bado limo. Sasa diski za pembeni za nini? Nimefuta vyote: harusi kumi na nne, kipaimara cha Kabungu, hata Bibi Annonciata. Diski nyeupe kabisa, na kila kitu kimo. Naishangaa mpaka sasa.

Saa nne naenda kurekodi harusi ya Elias. Nitaijaza humohumo. Gaudensia nimemwona anatoka dukani na diski ya nne. Namhurumia.