Hatua Elfu Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Mimba miezi sita, miguu imevimba, kandambili zimegoma kuingia. Nesi kasema nakaa mno. Nitembee nusu saa kila siku, mwendo ambao bado naweza kuongea. Nikishindwa kuongea, nimezidisha. Mimi, kushindwa kuongea! Hanijui huyu. Nikiona kizunguzungu, maumivu au damu, nisimame na niende kliniki mara moja. Akaniwekea kwenye simu kitu cha kuhesabu hatua. Ijumaa atakagua.

Jioni mume wangu akatangaza, kwa furaha kabisa, kwamba nesi asiporidhika, mama yake atahamia kwetu mpaka nijifungue. Miezi mitatu na mama mkwe! Mtu anayefagia palipokwisha fagiliwa! Hatua lazima zipatikane.

Jumanne, 5

Nimetembea. Mpaka kona. Hatua mia mbili na kumi. Jua, mbwa, na watu wanaouliza kama ni mapacha. Nimerudi kwenye cherehani yangu ya kukanyaga. Sketi za shule zinanisubiri. Nikawaza: mguu si unapanda na kushuka hapa siku nzima? Kutembea ni nini basi? Nikaifunga simu kifundoni kwa utepe. Sketi moja, hatua elfu! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zinahitaji kusukwa.

Alhamisi, 7

Sketi kumi na tisa. Hatua elfu kumi na tisa. Sijanyanyuka ila kwenda chooni. Mume wangu kaangalia simu, kaangalia tumbo, kasema hakujua ameoa mwanariadha. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba mama hujitoa. Miguu imevimba zaidi. Itakuwa chumvi.

Ijumaa, 8

Nesi kaona namba, kavua miwani. Kauliza nilikuwa naenda wapi. Nikasema huku na huku. Nilisubiri pongezi. Kumbe! Kasema mimba si mashindano, nitamuumiza mtoto na mimi mwenyewe. Kapima presha, kasikiliza moyo wa mtoto: salama. Nikashusha pumzi. Mapema mno. Akampigia mume wangu simu: huyu atafutiwe mtu wa kumzuia.

Ningesema ukweli, angetafutwa mtu wa kunitembeza. Shimo langu lina milango miwili, na kote kasimama mama mkwe.

Jumamosi, 9

Kafika kabla ya chai. Masanduku mawili! Kanikuta kwenye cherehani, simu bado iko kifundoni. Nikasema ndiyo mitindo ya siku hizi. Yeye kashona miaka thelathini. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta machozi na kuniambia nivae viatu.

Nusu saa nzima, pole pole, chupa ya maji mkononi mwake. Kila nikinyamaza, ananichokoza niongee. Karibu na kona mtoto alicheza tumboni, kwa nguvu! Nikamshika mama mkono. Nililia kidogo. Nilisingizia vumbi.

Jumatatu, 11

Kandambili zimeingia! Mama mkwe anadai ni kutembea. Sijui nani kamuuliza. Lakini kaahidi: simu ikionyesha hatua elfu nne kwa siku saba mfululizo, atarudi kwake.

Nimemchunguza. Hakai. Anafagia asubuhi, anafagia jioni, hatua zote hizo zinapotea bure. Nimemshonea aproni mpya, yenye mfuko mmoja wa siri ndani ya pindo, upana wa simu.

Kaipenda sana. Kauliza mbona nzito upande mmoja. Nikasema ndiyo mitindo ya siku hizi.